Bibiana, Njoo Uote Jua

Kansay, S.L.P. Karatu
20 Novemba 1977

Kaka Damiano,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya debe, maana mvua imeanza na paa linavuja palepale tulipoweka kitanda. Ile nyumba yetu ya zamani, iliyochimbwa kwenye mteremko, haikuvuja hata siku moja. Lakini serikali ilitaka tukae kwa mistari, basi tunakaa kwa mistari na tunalowa kwa mistari. Ignas mume wangu hajambo, amerudi kutoka kuchuma kahawa Oldeani. Piusi yuko darasa la nne na anatusahihisha sote tukiongea. Yule ng'ombe uliyetuachia amezaa dume tena, mkaidi kama mwenye kumtoa.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kwenye debe. Nimempeleka Katarina hospitali. Unajua amefikisha miaka saba na hasemi na mtu, wala hamtazami mtu usoni. Daktari alimsimamisha akielekea ukuta, yeye akasimama nyuma yake. Akagonga bakuli la chuma kwa kijiko, Katarina akageuka. Akamwita kwa jina, kimya. Akaniambia nimwite mimi mama yake. Nikamwita mpaka sauti ikakauka, mtoto anatazama ukuta tu. Daktari akaandika karatasi: masikio mazima, akili hakuna, ni taahira, hafundishiki.

Mwaka huu watoto wote wanaandikishwa shule kwa lazima, hata wa wafugaji wanafuatwa porini. Wa kwangu mwalimu mkuu Josephati aliisoma ile karatasi akamfuta, kwa upole, kama mtu anayefuta kamasi za mtoto.

Kaka, mimi siamini. Taahira gani anayepanga vibuyu vya maziwa kwa ukubwa, na ukificha kimoja anapekua nyumba nzima mpaka akipate? Lakini Ignas ameamini, na amechoka kuchekwa kilabuni. Anasema mavuno yakiisha atampeleka Mbulu kwa shangazi yake Domitila, anayeishi peke yake na mbuzi. Anasema huko hakuna wa kumcheka mtoto. Mimi nimefika huko. Mlango wa chumba cha nyuma cha shangazi Domitila hufungwa kwa nje.

Wewe ndiye mtu wa dawa katika ukoo wetu. Njoo umwone kwa macho yako, au niambie nimwulize nani. Kuna jambo jingine pia, ambalo sikumwambia daktari wala Ignas. Na wewe sitakwambia leo.

Mdogo wako,
Germana

*

Zahanati ya Kakesio
8 Januari 1978

Mdogo wangu Germana,

Usinune. Barua yako ilikaa Endulen ikisubiri gari, na gari likisubiri dizeli. Mwishowe ameileta mzee Parsimei, aliyekwenda huko kuuza maksai wawili. Aliifunga kwenye pembe ya lubega lake, ndiyo maana inanuka samli. Huku tuko salama, ila surua imepita kwenye maboma na nimezika watoto wengi kuliko niliowachanja. Fisi wanakuja mpaka mlangoni mwa zahanati mchana. Nimekonda, lakini bado natamani kande zako.

Kuhusu Katarina, daktari amesoma kuliko mimi. Mimi ni mtu wa klorokwini na vidonda. Wapo watoto wa namna hiyo, si kosa la mama wala la ziwa lake. Mpe mayai, mpime minyoo, mzoeze kufanya kazi moja kwa utaratibu uleule kila siku. Asifungwe. Ignas mwambie nimesema asifungwe.

Kuja siwezi sasa, niko peke yangu hapa. Hilo jambo jingine liandike. Ukilificha utalilea, na likikua litakushinda.

Kaka yako,
Damiano

*

Kansay
2 Februari 1978

Kaka Damiano,

Nimefurahi fisi hawajakula. Mahindi yamefika magotini, Piusi kapata upele, jirani yangu Petronila kagombana na mumewe na sasa anashinda kwangu, ananimalizia chumvi. Mayai nimempa Katarina. Anakula ute, kiini anampa mbwa.

Haya, naandika. Nilikuwa napepeta unga mlangoni, asubuhi, jua limewaka. Nyuma yangu mama yetu akasema, "Funika moto, upepo unageuka." Nikajibu, "Ndiyo, mama," nikanyanyuka kwenda kufunika moto. Nilipofika mekoni ndipo nikakumbuka kwamba mama tulimzika masika ya mwaka juzi.

Nyumba nzima hakuwamo mtu ila Katarina. Amekaa sakafuni na vibuyu vyake. Akafungua kinywa tena, na kikatoka kile kikohozi cha mama, viwili vifupi na kimoja kirefu, unakijua. Kisha akasema kwa Kiiraqw kile cha wazee, kwa sauti ya mama kabisa, na lile pengo la meno likipuliza ndani yake, "Bibiana, njoo uote jua."

Mtoto ambaye hajawahi kuniita mama! Nililia, Damiano. Sijui nililia kwa hofu au kwa kumkumbuka mama.

Sasa anasema karibu kila siku. Kumbe alianza tangu matanga yalipokwisha, mimi nikadhani ni masikio yangu yenye majonzi. Anasema maneno ya mama tu. Na akishasema lile la kuota jua, anatoka. Anapanda peke yake mpaka kwenye gofu la nyumba yetu ya zamani, ile ya baba, anakaa chini kando ya lile jiwe la kusagia tuliloshindwa kulibeba tulipohamishwa. Nikimfuata namkuta ametulia tuli. Petronila amemsikia mara moja, akaacha chumvi yangu na hajarudi. Anasema kuna mtu ndani ya mtoto.

Ningemwambia daktari angeandika nini? Angeniandika na mimi.

Nauliza swali moja tu. Bibiana ni nani? Katika ukoo wetu simjui mwenye jina hilo.

Germana

*

Kakesio
15 Machi 1978

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua huku haijanyesha vizuri, upepo tu. Mzee Parsimei anaumwa kifua, anakataa sindano, anataka nimwimbie kwanza. Bei ya sukari imenishinda, nakunywa chai ya chumvi kama mbuzi.

Watoto hushika maneno ya wakubwa. Mama alimlea Katarina tangu alipoachishwa ziwa, ninyi mkiwa kwenye kahawa, kwa hiyo ameshika. Usiwasikilize akina Petronila. Mtoto mpe mayai.

Anapokwenda kwenye jiwe la kusagia, anakaa upande gani wa jiwe?

Damiano

*

Kansay
9 Aprili 1978

Kaka Damiano,

Hatujambo. Sina salamu nyingi leo, nimekasirika.

Nimekuuliza swali la mtu, umenijibu kwa sukari. Kisha wewe unaniuliza mimi upande wa jiwe! Haya, nilikwenda kutazama vizuri, maana tangu niisome barua yako silali sawasawa.

Anakaa upande wa ua wa manyara, ile miti ya utomvu, siku zote. Hajakaa upande mwingine hata pale jua linapokuwa upande mwingine. Ananyoosha miguu, anatandaza khanga yake, lakini haikalii yote. Anajibana pembeni, anaacha nusu wazi. Niliketi kwenye ile nusu. Akanisukuma kwa mkono, taratibu, kama unavyomsogeza mtu aliyekalia nafasi ya mwenzake. Nikasogea. Nilikaa pale kwenye majani mabichi, ukungu wa Ngorongoro unashuka bondeni, na mwanangu anatabasamu kwa ile nafasi tupu. Mimi hajawahi kunitabasamia hivyo.

Uliuliza kwa sababu unajua. Ulikuwa unatumaini niseme upande mwingine, sivyo?

Ignas amemwandikia shangazi yake. Mahindi yanabeba vizuri mwaka huu. Kila anayepita anatupongeza, na mimi kila hindi nikilitazama naona zimebaki siku chache mwanangu afungiwe. Nina mtoto mmoja tu wa kike. Sina daktari, sina mwalimu, mume ndiye huyo. Nilidhani nina kaka.

Germana

*

Kansay
30 Mei 1978

Damiano,

Hujajibu. Tumeanza kuvuna.

Germana

*

Kakesio
18 Juni 1978

Mdogo wangu Germana,

Nakusalimu wewe, Ignas, Piusi na mtoto. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuitia motoni. Ni kweli, nilitumaini useme upande mwingine.

Alikuwepo dada yetu wa kwanza. Wewe ulikuwa hujazaliwa na mimi nilikuwa mchunga ndama. Alikuwa kama Katarina: hamtazami mtu, haitikii, hapendi kuguswa. Hakusema neno maisha yake yote. Siku zile nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo ilitengwa, si kwa chuki bali kwa woga. Hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu. Mama alichota maji akiwa wa mwisho, wenzake wote wameshaondoka. Baba akamjengea dada kibanda kidogo nyuma ya manyara ili watu waone amewekwa kando. Mama ndiye aliyeingia humo peke yake. Mimi nilikatazwa kusogea.

Alikufa wakati wa baridi. Mama alimzika kando ya jiwe la kusagia, upande wa manyara, apate kukaa naye akisaga. Kisha baba akatuapisha mimi na mama. Alisema jina lile lisitajwe tena, maana likitajwa litatafuta mwili wa kukaa. Sikulisikia tena mpaka ulipoliandika.

Mimi nawakemea Wamasai hapa kila siku waache hofu za kale, wameze vidonge. Lakini nilipoona lile jina kwa mwandiko wako nilitoka nje nikasimama juani. Nilimwogopa mtoto wako. Najua yeye ni mpwa wangu, lakini nilimwogopa. Ndiyo maana sijaja.

Nakusihi usimwite kwa jina hilo, na zaidi sana usiliite ukiwa nyumbani. Mpeleke kwa padre, au mwache aende Mbulu, sijui. Mimi ni mtu wa klorokwini.

Damiano

*

Kansay
16 Julai 1978

Kaka Damiano,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko wazima wote, nasema wote. Magunia yamejaa mpaka Piusi analala juu yake. Petronila amerudi, na chumvi inakwisha kama kawaida. Shika barua hii ukiwa umekaa.

Niliisoma yako shambani nikiwa nimeegemea mabua. Nikaogopa kama ulivyoogopa. Kisha nikajiuliza jambo dogo ambalo wewe na uoga wako hamkuliuliza. Miaka yote ile, tukiwa kwenye kahawa, mama na mtoto peke yao kwenye lile jiwe, mama alikuwa akimwita nani? Sisi tuliokuja nyumbani tumechoka tulimwita Katarina, mara mbili tatu, tukalala. Aliyempa uji, aliyemwogesha, aliyemfundisha kukaa, alimwita kwa jina jingine, na alipotusikia mlangoni alilinyamazia kwa kiapo cha baba. Daktari aligonga bakuli, mtoto akageuka. Akamwita Katarina, na Katarina ni nani? Wote tulikuwa tunamwita mtu mwingine.

Nilikuwa bado nalitafuna hilo wakati shangazi Domitila alipofika mwenyewe kutoka Mbulu, kabla hatujamtazamia. Alikuja na kamba ya mbuzi mkononi. Anasema ni ya kumshika mtoto njiani asipotee. Ignas akaanza kufunga nguo za mtoto kwenye khanga. Nikamtuma Piusi akamwite mwalimu Josephati. Alikuja mbio akidhani kuna msiba.

Nikawaambia wote wasimame uani. Nikamsimamisha mtoto akielekea ukuta wa ghala, kama daktari alivyofanya. Nikamwambia mwalimu amwite. Akaita, "Katarina!" kwa sauti ile ya paredi. Kimya. Ignas akasema, "Unaona sasa? Unajitesa bure, mama Piusi." Shangazi akaikunjua kamba.

Ukungu ulikuwa umeshuka, hata paa la jirani halionekani. Nilimwona baba mawazoni, kaka, nikawaza mwili wa kukaa. Nikasema liwalo na liwe. Nikasema kwa Kiiraqw, kama mama, "Bibiana, njoo uote jua."

Akageuka. Alinitazama usoni, Damiano. Miaka saba nimeyasubiri yale macho. Akaja mpaka kwangu akanishika kidole, akanivuta chini, akatandaza khanga katikati ya ua, jua lenyewe hakuna. Akajibana pembeni. Safari hii niliiacha ile nusu wazi bila kusukumwa.

Nikamjaribu na mengine ya mama. "Funika moto, upepo unageuka." Akanyanyuka akaenda kufunika moto. "Lete kile kidogo, kikubwa kimechoka." Akaleta kibuyu kidogo kuliko vyote. Kumbe mama alikuwa na neno la kila kazi, lilelile, kila siku. Alijifunza kwa yule wa kwanza akamfundisha huyu. Na mtoto amekuwa akinisomea masomo yale tangu matanga, nami nikikimbilia rozari.

Mwalimu Josephati alivua kofia. Alisema karatasi ya daktari ataijibu yeye. Ameniahidi mtoto atakaa darasani karibu na mlango, na maneno ya mama atayaandika ili ayatumie. Ameuliza aandike jina gani. Nimemwambia Katarina Bibiana, yote mawili, na asikwepe lolote. Ignas alifungua ile khanga, akazirudisha nguo moja moja, kisha akampa shangazi gunia la mahindi na kumsindikiza mpaka barabarani. Tangu hapo hanitazami vizuri, lakini jana nimemsikia nyuma ya ghala akijaribu kulitamka lile jina polepole.

Kuna jambo moja nimeliacha mwisho. Tulipokuwa bado tumekaa kwenye ile khanga, mtoto alisema tena. Haikuwa sauti ya mama. Wala si yake, maana yake siijui bado. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, nyembamba, inakwaruza kidogo, na maneno yanatoka kwa shida kama mtu anayebeba maji yasimwagike. Alisema, "Mama, mwambie Damiano asilie. Namsikia hapo nyuma ya manyara."

Piusi alisikia. Mwalimu alisikia. Shangazi Domitila alijikunja akaficha uso. Mimi nakuuliza wewe, maana katika barua yako hukuniandikia. Ulilia lini?

Mdogo wako,
Germana

*

Kakesio
2 Agosti 1978

Germana,

Nililia kila jioni nilipofunga ndama kando ya manyara, mkono mdomoni, baba asisikie. Sikumwambia mama, sikumwambia mtu yeyote, na wewe unajua sijakwambia hata wewe.

Tulisema hasemi neno. Baba alisema, majirani walisema, mimi mwenyewe nimekuandikia hivyo juzi kwa mkono wangu. Kumbe alikuwa akisema na mama humo kibandani. Alikuwa akinisikia mimi, na mama akayashika maneno yake miaka yote ile mpaka alipopata wa kumwachia.

Nimefunga zahanati. Mzee Parsimei atawaambia wagonjwa nimekwenda kwetu. Nitakuja na gari la Endulen, halafu kutoka Karatu nitatembea. Nitapitia kwanza kwenye jiwe la kusagia, kwa hiyo nikichelewa usitume mtu.

Ukimaliza kusoma, mwite kwa lile jina. Mwambie Damiano amenyamaza. Ni uongo, lakini mwambie.

Kaka yako